Bahasha ya Bi Somoe

Wallahi, haya nitakayoyasimulia ni kweli tupu, haikutiwa maji wala chumvi. Nilikuwepo. Niliyaona kwa macho haya mawili, yaliyohesabu magunia ya korosho bandarini Mtwara miaka thelathini na minne bila kukosea hata gunia moja. Nikiongopa hata neno moja, nitolewe damu mchana kweupe, watu wakitazama.

Jina langu Rajabu Chilumba, ila Mpapura nzima inaniita Mzee Tali, kwa kuwa nilikuwa karani wa tali: meli inapakiwa, mimi nasimama na kalamu. Umri wangu miaka sabini na miwili. Shule sikukaa sana, nilijisomea mwenyewe kwenye maandishi ya magunia, makasha na karatasi za meli, ndiyo maana hakuna mwandiko unaonishinda, hata wa madaktari. Msishangae basi kwamba Ijumaa ile ya mwezi wa saba, serikali ilipoleta mpelelezi kijijini kwetu, mtu wa kwanza aliyemhitaji alikuwa mimi.

Yeye anasema hakunihitaji. Anasema aliingia kwenye gari akanikuta nimeshakaa.

Alikuwa mfamasia, si polisi. Husna Nandonde. Kazi yake ni kufuatilia watu waliodhurika kwa dawa walizoandikiwa hospitalini, aseme dawa imekosea wapi ili isikosee tena. Mwanamke mrefu, mkavu, hijabu ya kijivu, raba miguuni, na jicho la mtu anayetafuta nywele kwenye wali. Alikuja na Koplo Isaya katika gari moja, na tangu mjini walikuwa hawajasemeshana, maana kila mmoja alikuwa na mkosaji wake. Wa Isaya alikuwa ameshafungiwa mahabusu.

Kesi yenyewe ni hii. Bi Somoe Likanga, jirani yangu, mama mwenye mikorosho mingi na vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi, alikimbizwa hospitali siku ya Jumatano. Mdomo umejaa vidonda, fizi zinavuja damu, homa kali, mwili una mabaka kama mtu aliyepigwa. Binti yake, Rukia, akapiga kelele kijiji kizima kikasikia kwamba wifi yake, Beatriz, mke wa kaka yake, amemtilia mama sumu. Beatriz asili yake ng'ambo ya Ruvuma, na mumewe alikuwa safarini. Basi. Saa mbili hazikupita, akarushiwa mawe, akawa mahabusu. Lakini Bi Somoe hakupata nafuu. Alhamisi alizidiwa. Ijumaa asubuhi madaktari walisema damu isipoacha kuvuja, Jumapili hawaahidi.

*

"Salfa hii hapa," Koplo Isaya akasema, akaipiga teke ndoo iliyokuwa nyuma ya jiko la Bi Somoe. Unga wa njano ukaruka. "Na kijiko kimo ndani. Kijiko cha kulia. Unataka ushahidi gani tena?"

Husna alichuchumaa, akaitazama ndoo, hakuigusa. "Nyumba ngapi hapa zina salfa mwezi huu, afande?"

"Zote. Watu wanapuliza mikorosho."

"Basi kamata kijiji."

Nje ya ua watu walikuwa wamejaa. Mmoja akapaza sauti: "Huyo mwanamke wa mjini katumwa na watu wa ng'ambo ya mto!" Jiwe dogo likatua juu ya bati. Husna hakugeuka.

"Jumanne jioni hapa walikula nini?"

Nikajibu mimi, maana ndimi shahidi. "Ugali wa muhogo na kisamvu. Sinia moja. Bi Somoe, Rukia, Beatriz na wajukuu wawili."

"Nani mwingine kaumwa?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo salfa ilichagua." Akasimama, akajipangusa magoti. "Mtu akila salfa, tumbo litamchafuka, ataharisha. Haimshushi damu. Nimeona vipimo vya huyu mama, afande. Chembe zote zimeporomoka: za kupigana na maradhi, za kugandisha damu, zote. Kitu kilichomwingia kimekwenda kuzima kiwanda chenyewe, ndani ya mifupa."

"Sumu kali, basi."

"Sumu ambayo hujaikuta, ndiyo. Unapiga teke ndoo."

Isaya alikunja uso kama aliyemeza ndimu. Akanigeukia mimi. "Wewe mzee, umeshuhudia upekuzi. Lete kitambulisho nijaze fomu."

"Andika tu, mwanangu. Rajabu Chilumba, miaka sabini na mi..."

"Kitambulisho."

Nikampa. Hakukisoma, alikibana na karatasi zake akafunga faili. Nikamwomba anirudishie, akasema nitakipata kazi ikiisha.

Tulipotoka, Husna alisimama mbele ya nyumba yangu, inayotazamana na ya Bi Somoe. Hapo barazani pana ubao wetu wa drafti, na ukutani nimeandika kwa chaki, mwandiko wa bandarini, herufi zimesimama wima: ISSA J4. TALI J11.

"Nini hii?" akauliza.

"Aibu ya Issa, mwenzangu wa drafti," nikamwambia.

Hakucheka. Nilijua hapo hapo kwamba huyu ni mtu hatari.

*

Njiani nilimsimulia, ili kumchangamsha, jinsi nilivyotoa damu mara arobaini enzi za bandari. Winchi ilikuwa ikiangusha mzigo, wananiita mimi. Husna alikuwa akiandika. Nikamwambia pia kwamba Kireno nakijua, nilikuwa nikigombana na manahodha wa Msumbiji kwa lugha yao wenyewe, hivyo nitamtafsiria kwa Beatriz.

Kituoni, Beatriz aliletwa kwenye chumba chenye meza moja. Msichana mfupi, mabega ya kazi, kitambaa kichwani kimelegea, macho mekundu yasiyo na chozi. Nikakohoa.

"Bom dia, senhora. Obrigado kilo fazenda."

Akanitazama juu mpaka chini. "Mzee Tali, mimi nimezaliwa Kilambo, upande huu wa mto. Nimesoma shule hapa hapa. Na miaka minne nachota maji mbele ya mlango wako."

Husna akavuta kiti. "Kijiko kwenye salfa. Cha nini?"

"Cha kupimia salfa. Nyinyi mnapimia viganja?"

"Nani anampikia mama mkwe wako?"

"Rukia. Mimi sitakiwi jikoni. Mimi nafua, nateka maji, napuliza mikorosho. Nikipika, wifi anasema kisamvu kinanuka Msumbiji."

"Mara ya mwisho kumpa kitu kwa mkono wako?"

"Jumanne. Maji ya kumezea dawa."

Masikio ya Koplo Isaya yalisogea, nawaapia, yalisogea. "Dawa gani?"

"Ya vidole. Alipewa kliniki ya mjini Ijumaa iliyopita, Jumamosi akaanza. Anayempa ni Rukia. Mimi nilitia neno siku ile, nikaambiwa watu wa ng'ambo ya mto wamejua kusoma lini. Tangu hapo sitii neno."

"Nani alikwambia hivyo?"

Beatriz akanitazama tena. Mimi nilikuwa nikikagua dari. "Nikitaja mtu mtasema nasingizia," akasema. "Ndiyo kazi yangu humu, si ndiyo? Muulizeni Rukia."

Husna akafunga daftari. "Afande, huyu yuko kwako tangu Jumatano."

"Saa tisa alasiri."

"Na mgonjwa amezidiwa jana. Hebu nieleze. Sumu ya mtu uliyemfungia wewe, ufunguo uko mfukoni mwako, inafikaje wodini?"

Isaya akaupapasa mfuko wenye ufunguo.

"Haijaisha, ndiyo maana," Husna akasema, akawa ameshasimama. "Hadi sasa hivi kuna mtu anaendelea kumpa. Tunatafuta nyumbani, kumbe mzigo umehamia hospitali. Twende."

Hapo nikakumbuka nina shughuli Mtawanya. Nikaomba gari linishushe njiani.

"Wewe si shahidi?" Husna akasema. "Shahidi hashuki."

*

Tulifika saa sita na nusu, saa ya kuona wagonjwa, na swala ya Ijumaa ikanipita kwa ajili ya taifa. Hospitali yenyewe siitaji. Wodi ya wanawake, kitanda cha mwisho dirishani. Bi Somoe alikuwa amelala midomo imepasuka, pamba puani imeshalowa. Pembeni yake Rukia, na kapu, na chupa ya chai, na bakuli la uji. Alikuwa ameinamisha kichwa, akisaga kitu kwa mgongo wa kijiko.

Husna hakusalimu. Alitembea moja kwa moja akalinyanyua bakuli kutoka mikononi mwake.

"We!" Rukia akaruka. "Una wazimu? Uji wa mama!"

"Umetia nini?"

"Sukari!"

"Sukari haisagwi. Umetia nini?"

Nesi wa zamu, Joyce, mwanamke mnene mwenye saa kubwa kifuani, akaja upesi. Rukia akamgeukia. "Nimetia dawa yake! Ya vidole! Hawezi kumeza, mdomo wote vidonda, nampondea kwenye uji. Toka asubuhi hajala, nimempa kimoja kwa vijiko viwili vya uji, akalia. Mnataka afe na njaa na vidole vimpinde?"

"Dawa?" Joyce akasema. "Rukia, nilikuuliza Jumatano, hapa hapa. Nikasema mama anatumia dawa? Ukasema hatumii dawa yoyote."

"Ulivyouliza vile! Na jicho lile! Nikajua unauliza mizizi. Dawa za kienyeji. Nikasema hatumii, na kweli hatumii." Akatoa bahasha ndogo ya kaki kwenye kapu, akaitupa kitandani. "Hivi ni vidonge vya kliniki. Mmetoa wenyewe. Nani anakuja hospitali kutangaza vya hospitali?"

Joyce akaweka mkono mdomoni. Neno moja, dawa. Yeye aliuliza lake, Rukia akajibu lake, na siku tatu zikapita katikati.

Husna akaigeuza bahasha kwenye mwanga. Mbele pana jina la mgonjwa, pana jina la dawa, refu kama treni ya mizigo, mimi sikulishika. Pana idadi, 26. Na chini yake, kwa kalamu ya bluu: *1 J3.*

Sijawahi kumwona mtu akisoma alama tatu kwa muda mrefu vile.

Alitoa simu, akapiga namba iliyogongwa mhuri nyuma, akaweka sauti nje. Akaitikia kijana, akajitaja Goodluck, mtoa dawa wa kliniki ile.

"Bi Somoe Likanga, Ijumaa iliyopita. Uliandika moja J3. Maana yake?"

"Kidonge kimoja kila Jumatatu, dada. Ile ni ya mara moja kwa wiki."

"Na vidonge ishirini na sita?"

"Miezi sita. Mama miguu mibovu, anatoka mbali, tukamwonea huruma."

"Miezi sita bila kumpima damu hata mara moja. Hiyo dawa, vipimo vikubwa vyake wanatibia saratani. Mlimwonea huruma hasa. Kwa nini hukuandika Jumatatu?"

"Kila mtu anaandika J3! Hata wewe kwenye simu yako unaandika J3. Bahasha ilikuwa ndogo, dada."

"Na mdomo nao ulikuwa mdogo? Ulimwambia?"

"Foleni ilikuwa ndefu."

Husna akakata. Akamgeukia Rukia, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikashuka. "Mama amekuwa akimeza vingapi kwa siku?"

"Vitatu," Rukia akasema. "Asubuhi, mchana, jioni. Sikuruka hata kimoja. Hata hapa wodini sikuruka." Halafu nikaona uso wake ukianza kuelewa, kidogo kidogo, na ilikuwa vibaya kuutazama. "Vitatu. Si ndivyo ilivyoandikwa?"

"Nani kakwambia ndivyo ilivyoandikwa?"

"Nilisomewa."

"Na nani?"

Rukia akainamia kapu. Mimi nikasema nakwenda kuchukua wudhuu. Koplo Isaya alikuwa amesimama mlangoni, na mlango ule ni mwembamba.

"Subiri, mzee," Husna akasema. "Wewe karani. Nisaidie kuhesabu. Nitamwaga hapa, andika kwenye daftari langu, ushahidi uwe na mwandiko wa mtu wa tatu."

Mtu akiniambia nihesabu, mimi siwezi kukataa. Ni ugonjwa. Akavimwaga vidonge juu ya trei ya Joyce, njano, vidogo kama mbegu za pilipili. Vilikuwa sita. Nikaandika. Akasema kuna kimoja kwenye uji. Nikaandika. Nikapiga mstari chini, kama nilivyofanya kwenye kila karatasi kwa miaka thelathini na minne, nikafunga hesabu, nikampa.

Akasoma kwa sauti. "Bahasha sita. Uji kimoja. J7." Akainua macho. "J hii ni nini, Mzee Tali?"

"Jumla," nikasema.

Lile neno likishatoka hakuna pa kulirudisha. Nilijaribu. Nilikohoa.

Husna akaiweka bahasha juu ya daftari, J yake kando ya J yangu. "Ishirini na sita, toa saba, vimekwenda kumi na tisa. Jumamosi hadi Alhamisi, vitatu vitatu, kumi na nane. Leo asubuhi, cha kumi na tisa. Vingekwenda kwa Jumatatu, kingekuwa kimetoka kimoja tu." Alizungumza taratibu, kama anayepigilia misumari. "Wewe uliona moja J3, ukasoma kimoja kimoja, jumla vitatu. Kama kwenye gunia. Kama kwenye ukuta wa drafti."

"Mwandiko wa daktari una utata wake, mwanangu, hata nahodha mmoja wa..."

"Ni yeye!" Rukia akalipuka. "Ni Mzee Tali! Kila mtu anampelekea bahasha zake, anasema amesoma hata karatasi za Wagiriki! Nilimpelekea barazani Ijumaa jioni. Na Beatriz alikuwepo, na ndoo kichwani, akachungulia, akauliza hiyo si ndiyo Jumatatu, kama kwenye simu? Mzee akamcheka. Akasema watu wa ng'ambo ya mto wamejua kusoma lini. Na mimi," sauti ikamkatika, "na mimi nikacheka."

Daktari aliitwa, akaja mbio huku koti halijafungwa. Husna alimwonyesha bahasha, akamwambia maneno matatu tu, na yule daktari akatoa tusi ambalo siliandiki. Kumbe dawa ya kuizima ile ipo, hospitali haina, ikaagizwa ije na ndege ya jioni. Uji ukatiwa kwenye chupa ya ushahidi. Bi Somoe alihitaji damu, chupa tatu, na ya kundi lake ilikuwapo moja.

"Sasa," Koplo Isaya akasema, akatoa pingu, maana asingekubali kurudi mikono mitupu. "Nani?"

"Nani nini?" Husna akamsimamia mbele. "Kuna aliyebania wino, kuna aliyejifanya anajua kusoma. Aliyelisha kwa mapenzi yuko hapa, na aliyeuliza swali la neno moja yuko hapa. Na kuna aliyemfunga mtu pekee aliyesema kweli. Utahitaji basi, afande. Wewe ukae mbele. Nenda kamlete Beatriz."

"Sipokei amri kwa muuza vidonge."

"Basi nitamfuata mwenyewe, na kwenye fomu yangu nitaandika jina lako. Lote. Sifupishi."

Akaenda.

Akiwa hayupo, Husna alijaza fomu yake kitandani pale pale, anaandika huku anamgombeza kila mtu. Kwamba siku iandikwe kwa herufi zote, na mgonjwa airudie kwa mdomo wake kabla hajatoka dirishani. Kwamba nesi asiulize dawa tu, aulize vidonge, sindano, mizizi, chochote kinachopita kooni, na aombe kuona kapu. Joyce alikuwa akiitikia huku anafuta macho kwa kola. Rukia alikaa sakafuni. Mimi nilisimama kama gunia lisilo na alama.

*

Beatriz aliingia na vumbi la mahabusu kwenye kanga. Rukia hakuweza kuinua uso.

"Wifi, sogea nimwone mama," Beatriz akasema.

Rukia akasogea. Beatriz akamtazama Bi Somoe, akaigusa ile pamba puani kwa kidole kimoja. "Anataka nini?"

"Damu," Joyce akasema.

Akakunja mkono wa blauzi. Hakuuliza nani alisema nini. Wakampima, ikafaa, akalala kitanda cha pembeni akiangalia dari, na chupa ya kwanza ikaanza kujaa.

Rukia ana upungufu wa damu, akakataliwa. Ikabaki chupa moja. Nikahisi wodi nzima inanigeukia, na wagonjwa wamo.

"Wanangu," nikasema, "mimi si mtu wa kukataa. Nimetoa mara arobaini. Lakini sheria ni sheria, mwisho wa kutoa ni miaka sitini na mitano, na mimi, kama mjuavyo, sabini na miwili."

Koplo Isaya alifungua faili. Nadhani ndiyo furaha yake pekee ya siku ile, na aliila polepole. "Chilumba, Rajabu," akasoma kitambulisho changu. "Kuzaliwa, mwezi wa pili, elfu moja mia tisa sitini na mbili."

Joyce akahesabu kwa vidole. "Sitini na mitatu. Kaa hapa, kijana."

Wodi ikacheka. Mtu aliyekuwa hajaongea tangu afanyiwe upasuaji alicheka akashika mshono. Huko Mpapura nimekula heshima ya miaka tisa isiyo yangu: naanza kuhudumiwa kwenye sinia, napewa kiti msibani. Yote iliishia pale.

"Na kadi ya mchangiaji wa mara arobaini?" Joyce akauliza, ananifunga mpira mkononi.

"Iliungua. Kulikuwa na moto ghala namba..."

"Mshipa huu haujaona sindano tangu uzaliwe."

"Bado," Husna akasema, akamzuia mkono. "Kwanza alipe la mdomo." Akanitolea lile daftari. "Mwambie."

Nikamgeukia Beatriz, kitanda kwa kitanda. Nimewahi kutukanwa na makuli mia mbili kwa mpigo na sikuinamisha kichwa. Pale niliinamisha. "Beatriz, mwanangu. Wewe ulisoma sawa. Nisiyejua kusoma ni mimi."

"Andika," akasema.

Nikashika kalamu. Nikaandika J.

"Lote."

J-u-m-a-t-a-t-u. Mkono mzito kama niliyebeba gunia lenyewe. Alilichukua daftari kwa mkono uliokuwa huru, akalisoma, akalirudisha. Hakusema nimekusamehe, na hadi leo hajasema. Aliniambia: "Jumatatu utasimama barazani kwako usome hilo mbele ya watu walionirushia mawe." Nikasoma. Hiyo nayo ni kweli, muulizeni Issa.

Basi Joyce akaichoma ile sindano, nene kama mpini wa jembe, nami bila kupepesa jicho nikatoa damu ndoo nzima...

Hapo nilikuwa nimeandika hivyo. Lakini haya niliyasoma kwanza kwa sauti uani kwa Bi Somoe, maana ndiye mwenye kisa. Nywele zimemtoka, ananyolewa upara na Beatriz, vidole bado vimepinda, na kidonge chake kimoja daktari amekisimamisha hadi damu itakapotulia. Alisikiliza yote. Tulipofika kwenye ndoo akainua kile kidole kama ndoano.

"Futa. Chupa moja. Na andika ulilia. Nilikuwa nakufa, Tali, lakini masikio yalikuwa mazima."

Nimefuta. Chupa moja. Nililia, nikamshika Koplo Isaya mkono. Na kwa kuwa niliapa pale juu kwamba nikiongopa nitolewe damu, Beatriz amehesabu uongo uliobaki humu, amesema ni chupa tatu zaidi, kila baada ya miezi mitatu moja. Ya kwanza ni kesho. Amenibandikia karatasi mlangoni, mwandiko wake, jina la siku zima, herufi zote.